Nani aliwafundisha mafundi kuweka 8.8.8.8 kwenye DNS ya pili?

Wakuu, leo naomba nitoe dukuduku langu, nimechoka. (Kwa wageni: DNS ni huduma inayogeuza jina la kompyuta au tovuti kuwa anwani yake, na 8.8.8.8 ni DNS ya umma ya Google.)

Nimekabidhiwa mtandao wa ofisi ndogo. Seva moja ya Windows yenye Active Directory (mfumo unaosimamia watumiaji na kompyuta za ofisi kama kundi moja, yaani domeni), kompyuta chache, printa, basi. Mtandao wa namna hii haupaswi kumnyima mtu usingizi. Lakini haipiti wiki bila kelele: diski Z (folda ya pamoja iliyoko kwenye seva) imewekewa alama nyekundu, printa haionekani, kompyuta inadai haiioni domeni. Fundi aliyeufunga ukimpigia jibu lake ni lilelile: "Zima, washa." Na kweli ukizima ukawasha inakubali, hadi itakapojisikia kugoma tena.

Safari hii nikaiwahi mashine ya mhasibu ikiwa bado imegoma. Nikaandika ipconfig /all, amri inayoonyesha mipangilio ya mtandao ya mashine. DNS ya kwanza 192.168.10.5, ambayo ni seva yetu. Ya pili 8.8.8.8. Nikachukua nslookup, amri ya kuiuliza DNS moja kwa moja, nikaiuliza seva yetu jina lake yenyewe, ikajibu papo hapo. Nikaiuliza 8.8.8.8 jina hilohilo: halipo. Nikahamia kompyuta ya jirani, mpangilio uleule. Zote ziko hivyo!

Kumuuliza fundi, ananiambia: "Hiyo ni bakapu, bosi. Seva isipolijua jina, mashine inaenda kuuliza Google."

Jamani. Windows haifanyi kazi hivyo hata kidogo. DNS ya kwanza ikijibu "jina hilo halipo", hilo ni jibu kamili, kompyuta inalipokea na kuishia hapo. Ya pili inaulizwa hasa ya kwanza inapokaa kimya. Na kimya chenyewe si lazima seva iwe imekufa. Ikielemewa kidogo wakati inajisasisha, au swichi ikisuasua kwa sekunde moja, imetosha. Kompyuta inahamia 8.8.8.8 na inaweza kuendelea kuipa kipaumbele hata seva ikiwa imesharudi. Sasa Google watajuaje seva yenu ya ndani inaitwaje? Ni kumuuliza mpita njia funguo za stoo yako umeziweka wapi. Anakujibu kwa adabu kabisa kwamba hajui, na kompyuta inamwamini.

Ndiyo maana "zima, washa" inaonekana kama dawa: mashine inaanza upya na seva ya ndani ikiwa juu ya orodha. Ugonjwa uko palepale.

Kinachoniuma ni kwamba hili si jambo jipya. Tangu Active Directory ije na Windows 2000, kompyuta inaipata seva ya domeni kwa kuuliza DNS rekodi za SRV (zinazosema huduma fulani iko kwenye seva ipi), zile zinazoanza na _ldap._tcp. Rekodi hizo ziko kwenye DNS yenu ya ndani peke yake. Bila hizo mtumiaji anaweza hata kuingia kwa nenosiri lililohifadhiwa kwenye mashine, mkadhani mambo shwari, kumbe Group Policy (mipangilio inayotumwa na seva kwa kompyuta zote) haishuki na mafaili ya pamoja hayafunguki.

Na kazi yenyewe ni ya dakika chache. Kompyuta zote zielekezwe kwenye DNS ya ndani TU. Majina ya nje yashughulikiwe na seva yenyewe: fungua DNS Manager, ingia kwenye Forwarders (orodha ya DNS za nje ambazo seva inaziuliza kwa niaba yenu), hapo ndipo 8.8.8.8 inapokaa. Kwenye DHCP ya seva (huduma inayozigawia kompyuta anwani na mipangilio), chaguo namba 006, la DNS, litoe anwani ya seva, na DHCP ya ruta izimwe, maana ruta nyingi zinagawa anwani yao wenyewe kama DNS na mnarudi kulekule. IPv6 (mfumo mpya wa anwani unaotembea sambamba na ule wa zamani) nayo iangaliwe, ruta inaweza kupenyeza DNS yake kwa mlango huo bila mtu kugundua. Kisha ipconfig /flushdns kwenye mashine kufuta majibu ya zamani, na dcdiag /test:dns kwenye seva kuhakikisha.

Najua atakuja mtu na "je, seva ikizima, intaneti si itakata?" Itakata, ndiyo. Hoja hiyo naikubali. Dawa yake ni seva ya pili ya domeni yenye DNS yake, hiyo ndiyo iwekwe kwenye kisanduku cha DNS ya pili. Kama bajeti hairuhusu, bora intaneti ikate na kila mtu ajue seva imezima, kuliko huu ugonjwa wa kuvizia unaomfanya mhasibu aonekane hajui kutumia kompyuta.

(Huyo fundi pia hajatengeneza zoni ya kinyume (ya kupata jina kutokana na anwani), na rekodi za mashine zilizokufa zamani bado zimejaa humo kwa sababu usafishaji wa rekodi haujawashwa. Hayo nitayafungulia uzi mwingine.)

Mwenye hoja ya kitaalamu ya kutetea 8.8.8.8 kwenye mashine iliyo ndani ya domeni aiweke hapa, pamoja na majibu ya nslookup. "Mimi huwa naweka na inafanya kazi" sitaki kuisikia.