Mrejesho: yule mwanafunzi wangu mwenye usonji

Wakuu, nilileta habari ya kijana wa kidato cha pili mwenye usonji, aliyekuwa akiziba masikio na kutoka mbio darasani kila kengele ikilia. Mmoja wenu alinishauri nimpe taarifa mapema. Sasa namwandikia hatua za kipindi kwenye kikaratasi, naye anaipigia mstari kila moja ikiisha. Dakika 2 kabla ya kengele namwonyesha saa. Wiki 3 hizi ametoka mara moja tu, na kosa lilikuwa langu: nilibadilisha somo bila kumwambia.

Kazi za vikundi bado zinatushinda.

Halafu, kumbe nilikuwa namlazimisha aniangalie usoni nikifundisha! Nimeacha. Anachorachora pembeni mwa daftari bila kuniangalia, lakini ukimuuliza, jibu analo.