Naomba ushauri: nifiche vipi ukatili wa mila kwenye hadithi?

Habari zenu wakuu. Naandika hadithi fupi ya mji mdogo wenye mila ya kikatili ambayo wakazi wanaiona kawaida kabisa. Kigezo changu ni "The Lottery" ya Shirley Jackson (1948): watoto wanaokota mawe mwanzoni tu, na msomaji anadhani ni michezo yao, kumbe mwishoni ndiyo wakazi wanayompigia mwenzao aliyeangukiwa na kura.

Mimi nimeanza na kina mama wakifagia uwanja huku wakipiga soga za harusi. Rafiki yangu akaushtukia mwisho ukurasa wa pili! Nikapunguza dalili, sasa anasema mwisho hauna mzizi. Nimekwama.

Dalili ngapi zinatosha? Na chanzo cha mila nikieleze, au wakazi wenyewe wawe wameshakisahau?

Natanguliza shukrani.