Tupeane uzoefu: kumsaidia mtoto wa kidato cha kwanza na cha pili ajitambue na azijue kazi

Mnasihi wa Chumbageni (mwanzisha mada)

Habari zenu wana Tanga, na majirani zetu wa Bagamoyo. Kidato cha pili kikielekea ukingoni mtoto anaulizwa sayansi au sanaa. Anamtazama rafiki aliyekaa naye dawati moja, kisha anajibu. Akiingia kidato cha tatu bila Fizikia na Kemia, kozi nyingi za afya na uhandisi zimeshampita, na mara nyingi hakuna aliyemwambia. Naomba tujaze uzi huu kwa njia zinazofanya kazi: hatua, vifaa, muda, na mahali zinapoharibikia. Visa vya maisha yetu tuviweke kando, tumwandikie mwalimu au mzazi anayetaka kuanza Jumatatu.

Naanza na swali lenyewe. "Ukikua unataka kuwa nani?" huleta majibu yale yale: daktari, rubani, mwanasheria, mwanajeshi, injinia. Mwanasaikolojia wa Marekani, Linda Gottfredson, alieleza sababu mwaka 1981. Kati ya miaka 6 na 8 mtoto huanza kuondoa kazi anazoona si za jinsia yake. Kati ya 9 na 13 anaondoa zile zinazoonekana duni mtaani. Kujiuliza yeye mwenyewe anapenda nini huja baadaye, karibu na miaka 14. Kwa hiyo wa kidato cha kwanza anafika kwetu orodha yake imeshapunguzwa, na mengi yaliyotupwa hakuwahi kuyatazama. Tuanzie hapo.

Maswali yanayofaa zaidi: Shughuli gani ukiifanya hutaki kuitwa? Wenzako wanakufuata uwasaidie nini? Kitu gani mtaani kwenu kinakuudhi mpaka unatamani kukitengeneza? Waandike kwenye daftari, wasiseme kwa sauti. Wa kwanza akisema "daktari", safu nzima inamfuata.

Mwl. wa Hesabu, Ngamiani

Naongeza zoezi la kadi. Gharama yake ni karatasi moja kubwa ya manila na kalamu ya wino mzito. Ikate sita kwa sita, unapata kadi 36. Pakiti moja inawatosha wanafunzi wanne wakipokezana ndani ya vipindi viwili vilivyoungana, yaani dakika 80.

Msingi wake ni mgawanyo wa John Holland, Mmarekani aliyeanza kuuchapisha mwaka 1959: watu wa mikono na vifaa, wachunguzi, wabunifu wa sanaa, watu wa kuhudumia wengine, watu wa kushawishi na kuongoza, watu wa mpangilio na kumbukumbu. Kila kundi lipate kadi sita.

Kwenye kadi usiandike cheo, andika tendo. Badala ya "nesi" andika "kumfunga bandeji mtoto anayelia". Badala ya "mhasibu" andika "kutafuta kwa nini hesabu ya jioni imepungua shilingi 2,000". Badala ya "afisa mifugo" andika "kupima kama maziwa yametiwa maji". Nyingine: kufungua injini ya boti na kuirudisha ilivyokuwa, kumrudisha mteja aliyekwisha kukataa, kuchora nembo ya duka jipya, kupanga faili 200 ili lolote lipatikane haraka. Mtoto akiona cheo anachagua heshima ya mtaani. Akiona tendo inabidi ajiwazie akilifanya.

Mpe kila mmoja dakika 10 na marundo matatu: ningependa, nisingependa, sijui. Akae ameupa mgongo ubao na wenzake, la sivyo ataigiza. Kisha kaa naye kwenye rundo la "nisingependa", kadi moja moja, uandike sababu kwa maneno yake mwenyewe. Utasikia "ya wanaume hiyo", "inachafua", "jirani yetu anaifanya na hana kitu". Sababu kama ya kwanza na ya tatu hazihusu kazi yenyewe, kwa hiyo kadi hiyo irudi kwenye "sijui" mpaka aione kazi kwa macho. "Inachafua" ni sababu halali, mwache nayo.

Zoezi huharibika mwalimu akiligeuza hukumu: "wewe ni mtu wa mikono, nenda ufundi". Mtoto wa miaka 13 akirudia baada ya miezi mitatu, kadi kadhaa zitakuwa zimehama. Fanya mwanzo wa muhula na mwisho wake, halafu uangalie zile zilizobaki pale pale mara zote mbili.

Mzazi, Makorora

Shikamooni walimu. Hizi programu za mtandaoni zinazompima mtoto kwa maswali, zinafaa?

Mwl. wa Hesabu, Ngamiani

Marahaba. Ipo ya bure ya Wizara ya Kazi ya Marekani, O*NET Interest Profiler, toleo fupi lina maswali 60 na limejengwa juu ya mgawanyo huo huo wa Holland. Maswali ni mazuri ila mifano ni ya kwao, na Kiingereza chake kinamchanganya mtoto: hajui neno, anabonyeza katikati, na alama za makundi yote zinatoka sawasawa. Ukiitumia, kaa naye umfafanulie kila swali, na orodha ya kazi inayotoka mwishoni uiache. Chukua makundi mawili yaliyoongoza tu.

Mzazi, Makorora

Asante mwalimu. Na kama kadi zinaelekea ufundi lakini Fizikia ni 38?

Mnasihi wa Chumbageni

Alama moja haisemi kitu, mama. Kwa viwango vya Baraza la Mitihani 38 ni D, maana D inaanzia 30 na C inaanzia 45. Chora jedwali la safu nne: somo, alama za mitihani mitatu iliyopita, saa anazosoma somo hilo nje ya darasa kwa wiki, na hali ya ufundishaji (mwalimu alikuwepo muda wote, alibadilika, au hakuwepo). Mtoto mwenye 38 ambaye mwalimu wa Fizikia hakuwepo muhula mzima hajashindwa Fizikia, bado hajafundishwa. Mwenye 38 baada ya saa tano kila wiki na mwalimu yupo, huyo ana la kuzungumza nawe. Na aliyetoka 22, 31, 38 anapanda. Wengi wanapelekwa sanaa kwa alama ya mwisho tu, na hilo linaniuma kila mwaka.

Safu ya tatu mtoto huizidisha akijua itasomwa. Mwambie aweke alama kwenye daftari siku hiyo hiyo kwa wiki mbili, asikadirie.

Fundi, Majani Mapana

Assalamu alaykum. Kadi ni nzuri, ila mkono nao uulizwe. Toeni kionjo cha dakika 40 shuleni. Kwa kila wanafunzi wawili: betri 2 za volti 1.5, balbu moja ya tochi ya volti 2.5, waya mwembamba wa mita moja, pini 2 za ubao, klipu moja ya karatasi, kipande cha boksi na selotepu. Watengeneze swichi kwa pini na klipu juu ya boksi, wawashe na kuzima. Tafuteni balbu ile ya zamani yenye uzi ndani. Ya LED ikigeuzwa haiwaki, na mtoto anadhani amekosea mahali pengine.

Kosa linalojirudia: wanaunganisha swichi kukatiza balbu, badala ya kuipitisha kwenye njia moja na balbu. Wakibonyeza, umeme wote unapita kwenye klipu, balbu inazimika, waya unapata moto na betri zinaisha. Wakati huo usiwafundishe. Simama pembeni na karatasi uangalie. Yupo atakayerudi mwanzo na kufuata waya kwa kidole kutoka betri mpaka balbu. Yupo atakayechora kwanza. Mwingine atamwambia mwenzake "shika hapa, wewe weka pale", yeye hajagusa kitu na kazi inakwenda. Wa nne anaacha balbu, anapamba boksi. Andika ulichokiona, jina na tendo, bila kusifu wala kutoa alama. Karatasi hiyo ukiilinganisha na kadi zake utapata mazungumzo ya kweli na mtoto.

Angalizo moja: wasimenye waya kwa meno. Mkasi mmoja kwa kila meza unatosha.

Bi. Mdogo, Raskazone

Ziara za kazini. Zinavunjika kwa sababu moja kubwa: watoto 60 wanaingizwa ukumbini, afisa uhusiano anahutubia, soda zinagawiwa, wanarudi. Wameona hotuba.

Kundi lisizidi 15. Barua iende wiki tatu kabla, na iombe waziwazi watoto wakae na watu wanaofanya kazi, watatu watatu, kwa dakika 20. Ruhusa ya mzazi kwa maandishi, na viatu vya kufunika miguu, maana kwa kandambili hawataruhusiwa kusogea kwenye mitambo. Kila kundi maswali manne tu: Jana saa nne asubuhi ulikuwa unafanya nini? Kipi kinakuchosha? Ukikosea, nani anaumia? Ulisoma nini na ukaanzia wapi? Hili la tatu ndilo linalofungua watu wazima midomo.

Bandari yetu ni somo zuri kwa sababu imebadilika. Zamani meli kubwa zilikuwa zinatia nanga mbali na mzigo ukishushwa kwa matishari, yaani majahazi bapa ya kubebea mzigo. Sasa kina kimeongezwa na gati kuboreshwa, meli zinafunga gatini. Waulizeni watoto kazi zipi zimepungua na zipi zimeongezeka. Vivyo hivyo bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye kilomita 1,443, linaloishia Chongoleani. Kujenga kunataka wachomeleaji na madereva wengi kwa miaka michache. Kuendesha kunataka watu wachache kwa muda mrefu: wa mitambo, wa vipimo, wa mazingira, wa usalama. Mtoto ajue anatazama kazi ya aina gani.

Na mkonge msiupite eti ni shamba. Singa, yaani nyuzi zake, ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Kutoka kwa mkataji mpaka kwenye robota (mzigo uliofungwa) kuna fundi wa korona (mashine ya kutoa nyuzi kwenye jani), wa kuanika, wa brashi, wa kupanga madaraja, karani wa mizani, na mnunuzi. Mlingano, Muheza, kuna watafiti wa TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, wanaoushughulikia mmea wenyewe. Mpe mtoto kipande cha kamba, mwambie arudi nyuma ataje kila mkono uliokipitia. Wengi wanakwama baada ya watatu. Hapo ndipo ziara inapata maana.

Mpwani, Bagamoyo

Huku kwetu mzazi anasikia "sanaa" anafikiri mtoto kaamua kucheza tu. TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, ina ngoma, muziki, maigizo na sanaa za ufundi. Nyuma ya jukwaa moja kuna wa taa, sauti, mavazi na mapambo, wa fedha na wa tiketi. Mpelekeni mtoto siku ya mazoezi, siyo siku ya tamasha. Kwenye tamasha anaona makofi. Mazoezini anaona hatua moja ikirudiwa asubuhi nzima, na hapo mtajua kama anaipenda.

Mbegani, kwenye chuo cha uvuvi cha FETA, ni hivyo hivyo. Mtoto wa mvuvi anadhani uvuvi ni kile anachokifanya baba. Hajaona uchakataji wa samaki, ufugaji wa viumbe wa majini wala injini za boti kama masomo. Ila msimdharaulie baba yake mbele yake. Mwombeni mzee aje darasani aeleze anavyosoma pepo na bamvua, kisha mwalimu aonyeshe Jiografia na Fizikia zilizomo.

Mama Malezi, Pongwe

Nazungumzia ratiba na wasichana. Alasiri watoto wengi wako madrasa, na Ijumaa mchana haifai kabisa. Jumamosi saa mbili mpaka saa nne asubuhi ndiyo inayopata watu. Msichana asipofika, kabla hujasema hana hamu, uliza nani anabaki na wadogo zake. Mruhusu aje nao.

Katika wageni, waleteni wanawake wa kazi zinazotupwa mapema: fundi umeme, nahodha, mpima ardhi. Na mama mkulima wa mwani msimwite "mfano wa kujituma". Aulizwe ya kazi: anafunga miche umbali gani kwenye kamba, anafuataje maji kupwa, nini kinaua mwani, bei anaipangaje.

Kwa wazazi, kikao cha saa moja. Chaguo la mtoto lisisomwe mbele ya mzazi bila ridhaa yake, maana jioni atasemwa nyumbani. Wazazi wapewe karatasi moja ya njia. Kwa mfano afya: kidato cha nne chenye ufaulu wa Kemia, Baiolojia na Fizikia kinaelekea stashahada ya miaka mitatu ya uuguzi au utabibu. Kidato cha sita kwa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) kinaelekea shahada ya udaktari, miaka mitano na mwaka mmoja wa utarajali. Sifa za stashahada mzitoe kwenye mwongozo wa udahili wa NACTVET (baraza la elimu ya ufundi) wa mwaka huo, na za shahada kwenye ule wa TCU (tume ya vyuo vikuu), msinakili karatasi ya zamani. VETA Tanga nao waulizwe fani na ada kila mwaka.

Mzazi, Makorora

Na hii mikondo mipya?

Mnasihi wa Chumbageni

Mtaala ulioanza Januari 2024 una mkondo wa elimu ya jumla na mkondo wa amali, yaani wa kujifunza fani ya kazi, kuanzia kidato cha kwanza, na si kila shule ina amali. Kwa hiyo kadi za Mwalimu wa Ngamiani zianze darasa la saba, kabla mtoto hajapangiwa shule, na mzazi aulize mapema shule ipi ya karibu ina mkondo huo na fani gani. Fani bila karakana wala mwalimu wake ni jina tu, kwa hiyo nendeni mkaone vifaa.

La mwisho ni kumbukumbu. Kila mtoto awe na faili moja jembamba: majibu ya maswali matatu, kadi za mara mbili, jedwali la alama, karatasi ya Fundi, maswali ya ziara. Ukurasa wa juu mtoto aandike mwenyewe: shughuli tatu ninazozipenda, masomo yanayozifikia, kitu kimoja nitakachokijaribu likizo hii. Faili zisiachwe kabatini kwa mnasihi. Zikabidhiwe mkononi kwa mwalimu wa darasa wa kidato cha tatu kabla ya likizo ya Desemba, na ukurasa wa juu unakiliwe, mtoto aende nao nyumbani.