Nataka kutoka kwa wazazi, Lubumbashi: nijiandae na nini?

Kijana wa Kampemba
Ba yaya na ba mama, jambo yenu. Nina miaka 23, sijaoa, mshahara ni dola 220 kwa mwezi. Nataka kupanga chumba na sebule Katuba au Ruashi, kwa dola 50. Nyumbani wanasema mtu mzima ni yule aliyeoa, kwa hiyo ningoje. Mimi naona ni yule anayejilisha. Nahitaji pesa ngapi mkononi kabla ya kutoka, na watu hukosea wapi?

Yaya Mkataba
Mdogo wangu, nyumba ya dola 50 haiingiwi na dola 50. Garanti, yaani amana utakayodai ukihama, ya miezi mitatu ni 150, mwezi wa kwanza 50, na komisioneri (dalali wa nyumba) kwa kawaida anachukua mwezi mmoja, 50 nyingine. Ni 250 kabla hujanunua hata ndoo. Bayeri, yaani mwenye nyumba, akiomba garanti ya miezi sita, mtajie Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015: kwa nyumba ya kuishi, mwisho ni miezi mitatu.

Ugomvi mkubwa huwa siku ya kuhama, wakati unadai garanti yako. Ndiyo maana mkataba uwe na nakala mbili zenye sahihi zote, zikitaja kiasi cha garanti, kama ni dola au franka, na hali ya milango, vitasa, vioo na paa. Piga picha siku hiyohiyo. Kila mwezi dai risiti.

Garanti usimpe komisioneri. Mpe bayeri mwenyewe mbele ya shahidi, baada ya kuuliza majirani na shefu wa avenu (mkubwa wa mtaa) kama parsele, yaani kiwanja na nyumba, ni yake kweli. Kuna vyumba vinavyopangishwa watu wawili kwa siku moja, na hapo kijana anapoteza akiba yote.

Tena, omba kuona bili za mwisho za SNEL (umeme) na REGIDESO (maji). Deni aliloacha mpangaji wa zamani hubaki kwenye parsele, na wakija kukata, gizani unabaki wewe. Kama kaya kadhaa zinatumia mita moja, andikeni jinsi ya kugawana bili.

Mama wa Katuba
Mwanangu, sasa nyumba yenyewe. Ukila gramu 400 za unga kwa siku, mfuko wa kilo 25 unakupa bukari (ugali) ya miezi miwili. Ukinunua meka kwa meka, yaani kopo moja moja la kupimia, utalipa zaidi kwa unga uleule. Nunua mfuko Mei au Juni, mavuno yakiwa yameingia. Januari na Februari bei iko juu. Makala (mkaa) vilevile, weka gunia kabla ya mvua, juu ya mbao, si sakafuni.

Maji ya kisima usiyaamini. Kati ya kisima na choo inafaa ziwe angalau mita 30, na parsele nyingi hazina nafasi hiyo. Tumia javeli (dawa ya klorini) ya 5% isiyo na manukato: mililita 2 katika bidoni ya lita 20, koroga, ngoja dakika 30. Yakiwa na tope, chuja kwanza kwa kitambaa safi, kisha weka mililita 4. Soma karatasi ya chupa, maana nguvu za javeli hazilingani.

Na hili nakuomba sana: baridi ya Juni na Julai isikufanye uingize mbabula (jiko la makala) chumbani usiku. Hata makala mekundu yasiyo na moshi yanatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi. Mtu anaumwa kichwa, anasinzia, haamki tena. Dirisha lililofunguliwa kidogo halitoshi.

Yaya Likelemba
Mimi nasema usitoke bado. Ukiwa na 250 kamili, ugonjwa mmoja utakurudisha kwa mama. Ingia likelemba, mchezo wa kuchanga na kupokea pesa kwa zamu, ya watu 10 mnaojuana, dola 30 kwa mwezi, zamu yako ilete 300. Omba zamu ya katikati: wa kwanza anaendelea kulipa miezi 9 huku ana kodi mpya, wa mwisho ndiye anayeumia wenzake wakiacha.

Kuhusu kuoa: mbele ya sheria ya Kongo mtu mzima ni miaka 18, na sahihi yako inafunga mkataba. Lakini ukoo nao una haki yake. Kaa na baba, mama na mjomba, waambie tarehe na mtaa kabla ya kubeba godoro. Ukitoka kimya wataona umekimbia, na ndio watakaokwenda kukuposea. Tenga kila mwezi pesa ya nyumbani, hata dola 15, na nyingine ya vilio (misiba).

Kijana wa Kampemba
Asanteni sana. Bayeri mmoja anasema kwake hakuna kuandikiana, anaamini watu. Nifanyeje?

Yaya Mkataba
Tafuta kwingine. Ukishindwa kabisa, akuandikie kwa mkono risiti ya garanti: kiasi, tarehe, namba ya parsele, sahihi yake na ya shahidi asiye ndugu yake. Akikataa hata hiyo, usitoe pesa.