Tupeane uzoefu: hema lako ulilipiga wapi, na usiku ukaendaje?

Dada wa Lanet

Habari za jioni, wapenzi wa vilima. Desemba natarajia kuwapeleka vijana kumi na wawili wa jumuiya yetu Mlima Elgon kwa siku tatu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulala nje. Njia za kutembea nazijua. Wasiwasi wangu ni usiku. Kwa hiyo naomba kila aliyewahi kulala kambini huku kwetu, kuanzia Naivasha hadi Endebess, atusimulie: hema ulilipiga wapi, na kulipokucha hali ilikuwaje?

Nianze mimi. Safari yangu ya kwanza Elgon tulikuwa wanawake wanne. Tulitoka Nakuru alfajiri, tukabadilisha gari Kitale, tukaingia geti la Chorlim saa kumi jioni tumechoka. Kambini palikuwa na kibonde kizuri ajabu: nyasi fupi, miti mirefu ya podo pande zote, kijito kikipita pembeni. Pametulia hata unasikia maji yakigonga mawe. Tukapiga hema chini kabisa, hatua kama kumi kutoka kijitoni, tusihangaike na maji ya kupikia. Mlinzi alipopita akasema, "Akina mama, pandeni kidogo, pale ukingoni." Tukaona ni mbali kubeba jerikeni, tukabaki.

Saa tisa usiku nikaamka nikidhani mvua inanyesha. Nikapapasa hema kwa ndani, kiganja kikarudi kimelowa. Pumzi zetu wanne zilikuwa zimegeuka maji, matone yanateremka kwenye mshono na kuingia blanketini upande wa miguu. Dada mmoja meno yalikuwa yakigongana hadi hawezi kutamka jina langu. Nikatoka na tochi kwenda choo, kilichokuwa juu ya ule ukingo. Kibonde kizima kimejaa ukungu, hata miguu yangu siioni. Nilipopanda hatua thelathini hivi nikachomoza juu ya ukungu, nyota zimetapakaa, na hewa ina nafuu kabisa. Nilisimama pale muda mrefu. Ndipo nilipoelewa alichokuwa akisema yule mlinzi: hewa baridi ni nzito, usiku huteremka kutoka mlimani na kutuama bondeni, kama maji tu.

Asubuhi alirudi, hakutusimanga hata kidogo. Akatusaidia kuhamisha hema. Usiku wa pili tulilala hadi ndege walipotuamsha.

Sasa ninyi.

Wa Shinyalu

Asante kwa kulianzisha, dada. Kwetu msitu wa Kakamega baridi haisumbui sana. Siafu ndio wa kuogopa.

Tulikuwa na mke wangu na mtoto wa miaka sita. Jioni niliona mstari mwembamba wa siafu ukipita hatua tatu kutoka kwenye hema, umenyooka kama uzi. Nikasema hao wana safari yao, watapita. Usiku ikanyesha, na msitu ule mvua hauibembelezi. Mvua ilipokatika mtoto akapiga yowe. Nikamulika: sakafu ya hema inatembea. Wameingia kwenye viatu, wamo kwenye nywele za mtoto. Tulitoka mbio na nguo za kulalia, tukavuana nguo gizani tukiwang'oa mmoja mmoja. Siafu ukimvuta, mwili unakatika na kichwa kinabaki kimeng'ata. Shingo ya mwanangu nilimaliza kuisafisha kukipambazuka.

Mama mmoja anayekaa karibu na pale alituletea debe la majivu, akatuzungushia pande zote. Tangu siku hiyo, kabla sijafungua mfuko wa hema nazunguka mahali pale mara mbili nikitazama chini, na tena kwa tochi giza likiingia. Nikiona mstari, hata mwembamba vipi, nahama.

Ila mtu asiache kuja. Amka saa kumi na moja, panda kilima cha Lirhanda kabla jua halijatoka. Msitu wote uko chini yako, ukungu unapanda kidogo kidogo, mbega wanaanza kuitana. Ule ni mabaki ya msitu uliokuwa umeungana na wa Kongo, na kuna ndege pale huwapati kwingine Kenya hii.

Baba Watatu, Naivasha

Yangu si ya hema, lakini inahusu mahali pa kukaa na mahali pa kuondoka, na dada ana watoto wa wenyewe.

Niliwapeleka wanangu hifadhi ya Hell's Gate, tukakodi baiskeli, tukapita mnara wa Fischer, pundamilia wako kando ya barabara. Kisha tukateremka korongoni na kijana wa Kimaasai anayetembeza wageni. Jua kali, mchanga mkavu chini, kuta zimepanda pande zote mbili. Tukafika mahali pembamba penye kivuli, mwanangu mdogo akasema hapa tungepiga hema. Yule kijana akamwita, akamwonyesha ufa kwenye mwamba, juu ya kichwa changu mimi mtu mzima. Ndani ya ufa kulikuwa na vijiti, nyasi kavu na kipande cha kandambili, vimebanana kama kiota. "Maji ndiyo yameviweka hapo," akasema.

Muda si mrefu akatazama juu na kutuambia tugeuke. Kwetu anga ilikuwa safi. Yeye alikuwa ameona weusi upande wa juu yanakotoka maji. Watoto walilia njia nzima kwa sababu hatukufika kwenye chemchemi za moto. Tulipokwisha kutoka na kunywa maji tu, korongo likaanza kunguruma, na maji ya kahawia yakapita pale tulipokuwa tumesimama.

Aprili 2012 vijana saba wa kikundi cha kanisa walisombwa korongoni humo. Septemba 2019, watu saba tena. Nawataja kwa heshima, ni watoto wa watu. Dada, vijana wako wafundishe hili kabla hawajafundishwa kufunga kamba: mchanga mkavu uliolala sawasawa kati ya kuta mbili ni mto. Hapapigwi hema, wala hapakaliwi kwa chakula cha mchana.

Mwendambali

Mlima Longonot: lala chini karibu na geti, uanze saa kumi na mbili asubuhi. Hadi ukingo wa kreta ni kama kilomita tatu, kuuzunguka ni saba na kitu, kilele ni mita 2,776. Njiani hakuna maji hata tone, kwa hiyo lita tatu kila mtu, na mkubwa asimbebee mdogo. Udongo ni majivu ya volkano. Vigingi vya hema haviushiki, upepo ukija vinachomoka kama sindano. Jaza mifuko mchanga au mawe, funga kamba hapo.

Mama Njeri wa Section 58

Makalia, ndani ya Hifadhi ya Ziwa Nakuru. Tulipiga hema mahali pazuri, kosa likawa mkate na ndizi tulizoacha ndani tulipokwenda kutazama maporomoko. Nyani walipasua ubavu mzima. Chakula kikae ndani ya gari lililofungwa, hata chumvi, hata dawa ya meno.

Mwenyeji wa Endebess

Dada wa Lanet, karibu tena mlimani. Desemba umechagua vyema, mvua inakuwa imepungua na njia za juu hazitelezi sana. Huyo mlinzi alikwambia kweli kuhusu kibonde. Mimi naongeza la tembo.

Tembo wa huku huingia mapangoni usiku kula chumvi. Pango la Kitum linaingia ndani ya mlima kama mita mia mbili, na wao huenda hadi gizani kabisa wakipapasa njia kwa mkonga, kisha wanauchokoa ukuta kwa pembe. Ukipita mchana utazame ukuta: utaona mifereji waliyoichimba, mingine mirefu kama mkono. Sasa fikiria, wanaiendea chumvi hiyo vizazi na vizazi, wana njia zao. Njia hizo ni pana, zimekanyagwa laini, na kwa mgeni zinaonekana kama mahali palipotengenezwa kwa ajili ya hema. Niliwahi kukuta kikundi kimelala katikati ya njia hiyo. Tembo alikuja, akasimama, akawazunguka kwa adabu akivunja matawi, na wale watu hawakupumua mpaka alfajiri. Msimjaribu mara ya pili. Tazama kinyesi na miti iliyochunwa gome.

Na pangoni nendeni na askari, watoto waishie mlangoni, panatosha. Msiingie kwenye vyumba vya ndani vya popo, msishike kuta zenye kinyesi chao. Mwaka 1980 na 1987 wageni wawili waliougua homa ya Marburg walikuwa wamepita Kitum, na popo wala matunda ndio wanaobeba kirusi hicho. Sisi wenyeji hatuliogopi pango, ila tunajua pa kuishia.

Kilele cha Koitoboss, mita 4,222, waachie wenye miaka kumi na sita kwenda juu, na waanze mapema.

Nyar Kajulu

Kabla ya Elgon, waleteni Kisumu siku moja tupande vilima vya Kajulu. Ukiwa juu unaona mji wote na ghuba ya Winam. Utajua mapema nani viatu vinambana. Tunapanda asubuhi tu. Baada ya saa nane mchana mawingu hukusanyika na radi za huku hazina mchezo. Ikitukuta juu tunateremka kwanza, hatujikingi chini ya mti uliosimama peke yake.

Dada wa Lanet

Nimesoma yote mara mbili, na lile la ufa wa mwamba nimemsomea mume wangu kwa sauti. Kajulu tutakuja, nitakuandikia. Swali moja: nikiwa ukingoni, bado hema litalowa kwa ndani?

Mwenyeji wa Endebess

Litalowa kidogo. Vidirisha vya juu viache wazi hata kama mnasikia baridi, pumzi zitoke. Sufuria na nguo mbichi zisilale nanyi. Kila kijana awe na soksi kavu za sufu za kulalia tu, asizivae mchana hata akiomba. Ule ukingo ulioupanda usiku ule bado uko vilevile, nyasi imekuwa nzuri. Mkiwahi geti saa nane mtakuwa na muda wa kutosha wa kuuzunguka mkitazama chini.