Tupeane uzoefu: Kamati ya Ushauri ya Mkoa (RCC) ina msaada gani kwa halmashauri zetu?

Ndugu zangu, halmashauri tunaijua kwa sababu ndiko tunakokata leseni na kuwadai madiwani ahadi zao, ilhali RCC wengi tunaisikia tu pale mkuu wa mkoa anapoonyeshwa kwenye taarifa ya habari akifungua kikao. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 iliuondolea mkoa kazi ya kutekeleza miradi, iliyokuwa mikononi mwake tangu mpango wa Madaraka Mikoani wa 1972, ikaubakizia kushauri na kuziwezesha halmashauri. RCC huongozwa na mkuu wa mkoa, katibu tawala akiwa katibu wake, na wajumbe ni pamoja na wakuu wa wilaya, wabunge na wenyeviti wa halmashauri. Waliowahi kuketi humo watueleze walichokiona.

Mchangiaji wa kwanza, ofisa mipango mstaafu:
Halmashauri mbili zinazopakana ziliweka kila moja kizuizi chake cha ushuru wa mazao kwenye barabara ileile, na wanunuzi, ambao kisheria ndio walipaji, wakawa wanatozwa mara mbili na kuifidia hasara hiyo kwa kushusha bei ya mkulima. Barua kati ya wakurugenzi hazikuzaa chochote, kwa kuwa hakuna aliye juu ya mwenzake. RCC ndiyo iliyowaketisha wote pamoja, takwimu za makusanyo zikawekwa mezani, wakakubaliana kutambua stakabadhi ya mahali zao lilikozalishwa. Hata hivyo kamati haitungi sheria ndogo, hivyo makubaliano yale yalirudi kwenye mabaraza yote mawili ya madiwani, na moja lilichelewa kuyapitisha huku msimu wa mavuno ukipita. Uchungu wa wakulima wale ninao mpaka leo.

Mchangiaji wa pili, diwani wa zamani:
Kwetu hoja ilikuwa kugawa wilaya. Ilianzia mikutano ya vijiji, ikapita kata, baraza la madiwani na Kamati ya Ushauri ya Wilaya, ndipo ikafika RCC kabla ya kwenda TAMISEMI, yaani ofisi ya serikali kuu inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Wabunge wetu walipingana waziwazi juu ya makao makuu mapya, na nadhani ilikuwa heri wapingane pale, mbele ya wataalamu wa sekretarieti ya mkoa waliokuwa na ramani na idadi ya watu, kuliko kwenye majukwaa ya kampeni.