Kodi ya VAT kwa vyondo vinavyouzwa Ujerumani

Muulizaji: Ndugu zangu, tunasuka vyondo Machakos na kuviuza Nairobi pamoja na Ujerumani. Nimesajiliwa kulipa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani. Je, mnunuzi wa Ujerumani nimtoze asilimia 16 kama mkazi wa Kenya?

Jibu la 1: La, usimtoze. Kodi hii humwangukia mlaji wa mwisho hapa nchini, ilhali bidhaa inayosafirishwa nje hutozwa kwa kiwango cha asilimia sifuri. Tofautisha kiwango cha sifuri na msamaha (bidhaa isiyotozwa VAT kabisa), kwani hapo ndipo wengi wanapopotea: ukinunua ngozi na nyuzi kwa shilingi 200,000, na kulipa VAT ya shilingi 32,000 juu yake, muuzaji wa kiwango cha sifuri huidai fedha hiyo irudishwe, lakini muuzaji wa bidhaa iliyosamehewa hubaki na mzigo huo mwenyewe.

Jibu la 2: Naongeza kwamba bila ushahidi dai lako halina miguu. Hifadhi hati ya forodha, ankara, hati ya usafirishaji na uthibitisho wa malipo. Ritani, yaani taarifa ya kodi ya kila mwezi, huwasilishwa kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita, hata usipouza chochote.

Muulizaji: Asanteni sana. Na jirani yangu ambaye hajasajiliwa?

Jibu la 1: Mauzo yake yanayotozwa kodi yakifika shilingi milioni 5 kwa miezi 12, ni lazima ajisajili. Chini ya hapo anaweza kuomba kwa hiari, na kama anasafirisha nje ningemshauri aombe.